Alama Inayoonyeshwa na Alama Inayotenda

Swali la kama alama inaweza kuonyeshwa bila kutenda kazi yake ni la zamani katika falsafa ya lugha, lakini siku hizi hukutana nalo hata watu wasiojishughulisha na falsafa, pale wanapoandika maelezo ya kompyuta katika kihariri cha matini matupu, yaani programu isiyohifadhi chochote isipokuwa herufi zenyewe, ambamo mapambo yote ya maandishi, kama vile herufi nzito, herufi za mlazo au vichwa vya habari, hupatikana kwa kuchanganya alama za kawaida za kibodi na maneno. Katika uandishi wa namna hiyo nyota ikiwekwa kila upande wa neno hulifanya neno hilo lilazwe; kwa hiyo anayetaka kumweleza mwenzake kwamba nyota hufanya kazi hiyo hana budi kuiandika nyota, na akisha kuiandika, nyota hutoweka na neno hulazwa. Ili kuepuka hali hiyo lugha za uandishi huo zina kile kinachoitwa msimbo ndani ya mstari, ambacho ni kipande cha maandishi kilichozungushiwa alama za kinga ili kila kilichomo kichukuliwe kama kilivyo, herufi kwa herufi, bila kufasiriwa. Kinga hiyo inaposhindwa, ama kwa alama zake kujitokeza kwenye ukurasa wakati zilipaswa kufichika, ama kwa kumeza nusu ya aya isiyohusika, hitilafu huonekana kuwa ndogo na ya kifundi. Hata hivyo chanzo chake si cha kifundi tu, kwa sababu kinga ya maandishi haimo ndani ya maandishi yenyewe, bali imo kwa yule anayeyasoma, na kutafuta hitilafu ya namna hii ni kutafuta ni nani aliyesoma na kwa kanuni ipi.

Tofauti iliyo chini ya jambo hili ni ile ya kutumia neno na kulitaja. Anayesema kwamba Lamu ni mji wa kale anatumia jina hilo kuuzungumzia mji. Anayesema kwamba “Lamu” ina herufi nne hauzungumzii mji hata kidogo, kwa kuwa mji hauna herufi. Agostino wa Hippo aliligusa suala hili katika De Magistro, mazungumzo na mwanawe Adeodatus aliyoyaandika mnamo mwaka 389 hivi, anaposimulia kichekesho cha mtu aliyemfanya mwenzake akubali kwamba maneno hutoka kinywani mwa msemaji, kisha akamfanya atamke neno simba, na kutokana na hayo akahitimisha kwamba simba ametoka kinywani mwake. Wanamantiki wa zama za kati, miongoni mwao William wa Ockham, waliipa hali hiyo istilahi yake wakieleza kwamba neno linaweza kusimama kwa niaba ya kitu linachokitaja au kwa niaba yake lenyewe, na kwamba muktadha wa sentensi ndio unaoonyesha ni lipi kati ya hayo mawili. Aliyeifanya tofauti hiyo kuwa nidhamu kali ya uandishi ni W. V. Quine, Mmarekani ambaye katika kitabu chake Mathematical Logic cha 1940 alisisitiza kuwa anayetaja usemi sharti auzungushie alama za nukuu, kwa kuwa asipofanya hivyo atajikuta anazungumzia vitu wakati anadhani anazungumzia maneno.

Nidhamu hiyo ya Quine inadhani kwamba alama za nukuu zenyewe hazina mgogoro, na hapo ndipo kompyuta inapoonyesha kile ambacho karatasi ilikificha. Msomaji wa kitabu akiona nukuu ndani ya nukuu, au nukuu iliyosahauliwa kufungwa, huisawazisha kichwani bila hata kujua kwamba ameisawazisha, ilhali kichanganuzi, yaani sehemu ya programu inayosoma herufi moja baada ya nyingine na kuamua kazi ya kila moja, hakina uwezo wa kusamehe namna hiyo. Kwa kichanganuzi alama ya kinga ni herufi kama herufi nyingine, iliyotolewa katika kibodi ileile iliyotoa herufi inazozikinga, na hakuna wino wa pekee uliotengwa kwa ajili ya kuandika mipaka.

Mfano ulio wazi zaidi ni Markdown, mtindo uliotangazwa mwaka 2004 na John Gruber kwa ushirikiano na Aaron Swartz, ambao leo hutumiwa na waandishi wengi wa maelezo ya programu. Humo msimbo ndani ya mstari huzungushiwa ile alama ndogo iliyo juu kushoto kwenye kibodi nyingi, inayofanana na apostrofi iliyoinama upande wa pili, na ambayo hapa itaitwa apostrofi kinyume. (Makala hii inaitaja kwa jina na haiichapi, na kufanya hivyo ni njia nyingine halali ya kutaja alama: Alfred Tarski, katika utafiti wake juu ya dhana ya ukweli uliochapishwa kwa Kipolishi mwaka 1933, alitenganisha majina yanayotengenezwa kwa kunukuu na majina yanayoueleza usemi kwa kuzitaja herufi zake na mpangilio wake, na haya ya pili yana faida kwamba hayaleti ndani ya sentensi kitu chochote kinachoweza kuamka.) Ndani ya kinga hiyo kila kitu hukosa nguvu: nyota hailazi neno, mstari wa chini haupigi mkazo, na hata mkwaju wa nyuma, ambao mahali pengine pengi katika Markdown huinyang'anya alama inayoufuata kazi yake, humo hubaki kuwa mkwaju tu. Wengi hukosea hapa. Mwandishi anayetaka kuonyesha apostrofi kinyume ndani ya msimbo huweka mkwaju mbele yake, kama alivyozoea, na matokeo yake ni kwamba mkwaju unachapwa ulivyo, kinga inafungwa kabla ya wakati wake, na kilichobaki kinamwagika nje.

Njia ambayo Markdown hutoa ni nyingine, nayo inastahili kutafakariwa kuliko inavyotafakariwa na wanaoitumia. Kinga inaweza kufunguliwa kwa apostrofi kinyume moja, mbili, tatu au zaidi zilizofuatana, na hufungwa tu na mfululizo wenye idadi ileile. Basi anayetaka kuonyesha apostrofi kinyume moja huizungushia mbili kila upande, na anayetaka kuonyesha mbili hutumia moja au tatu. Nafasi tupu moja ikiwekwa mwanzoni na nyingine mwishoni mwa yaliyomo, zote mbili huondolewa, ili alama inayoonyeshwa isigusane na alama inayoikinga. Kwa lugha ya mantiki, kanuni hii inasema kwamba kwa kila andiko ipo kinga inayolitosha, kwa kuwa daima unaweza kupatikana mfululizo mrefu kuliko wowote uliomo ndani yake, lakini haisemi kwamba ipo kinga moja inayoyatosha maandiko yote, na kauli hizi mbili, ingawa zinatofautiana kwa mpangilio wa maneno tu, ni tofauti kabisa. Lugha zilizochagua kinga moja kwa maandiko yote, kama zile zinazotaka kila alama ya nukuu iliyo ndani iandikwe mara mbili au itanguliwe na mkwaju, zimelazimika kuyabadilisha yaliyomo, na hivyo kinachoonyeshwa si tena andiko lenyewe bali andiko lililotiwa viraka. Ama yaliyomo yabaki salama na kinga ibadilike, ama kinga ibaki moja na yaliyomo yaguswe; aliyechagua la kwanza analazimika kuyajua yaliyomo kabla ya kuyazungushia kinga, na hilo ni sharti zito kwa programu inayozungushia kinga maneno ya watu wengine bila kuyasoma.

Uandishi wa Kiswahili una mtego wake katika kanuni hiyo. Wapo wanaopiga apostrofi kinyume mahali pa apostrofi katika maneno kama ng'ombe na ng'ambo, kwa mazoea au kwa mpangilio wa kibodi zao, na katika barua au gazeti kosa hilo halimdhuru mtu. Katika Markdown, neno moja la namna hiyo ndani ya aya halileti tatizo, kwa sababu mfululizo usiopata mwenzake huhesabiwa kuwa herufi ya kawaida. Lakini aya inayosema kwamba ng'ombe walitoka ng'ambo, ikiwa imepigwa kwa alama hiyo mara zote mbili, itachukuliwa kuwa ina msimbo unaoanza baada ya ng ya kwanza na kuishia baada ya ng ya pili, na katikati ya ukurasa yatatokea maneno “ombe walitoka ng” kwa maandishi ya mashine. Aliyeandika neno la kwanza hakuona kosa lolote, na kosa lilizaliwa siku mwingine alipoongeza neno la pili, pengine sentensi tatu mbele, huku neno la kwanza likiwa halijaguswa. Hakuna herufi hata moja katika aya hiyo inayoweza kulaumiwa peke yake. Maana ya alama ya kwanza imebadilishwa na kuwepo kwa alama ya pili, na anayetafuta hitilafu kwa kuukagua mstari uliohaririwa mwisho anaweza kukagua sana bila kuiona.

Mtindo wa Org, ulioanzishwa mwaka 2003 na mwanaastronomia Carsten Dominik wa Amsterdam ndani ya kihariri cha Emacs, ulikwenda njia tofauti. Humo msimbo huzungushiwa alama ya wimbi, na maandishi yanayotakiwa kuachwa yalivyo huzungushiwa alama ya sawasawa, lakini alama hizo hazitambuliwi popote zilipo: inayofungua sharti itanguliwe na mwanzo wa mstari, nafasi tupu au vituo vichache kama mabano na alama za nukuu, inayofunga sharti ifuatwe na nafasi tupu, mwisho wa mstari au kituo cha kawaida, na yaliyomo hayaruhusiwi kuanza wala kuisha kwa nafasi tupu. Sababu yake inaeleweka, kwa kuwa alama ya sawasawa hutumika katika hesabu, mkwaju katika tarehe na majina ya faili, na wimbi katika anwani za mafaili, na ingekuwa balaa kama kila moja ingegeuzwa kuwa umbizo. Aliyeitunga kanuni alitaka kujua kama mwandishi amekusudia kuumbiza au la, na kwa kuwa kusudi halionekani katika faili, alichukua jirani wa alama kuwa shahidi wa kusudi. Alama iliyosimama ukingoni mwa neno ilidhaniwa imekusudiwa, na ile iliyobanwa katikati ya herufi ilidhaniwa haikukusudiwa.

Dhana hiyo imebeba picha fulani ya lugha, ambamo neno husimama peke yake kati ya nafasi mbili tupu. Kiingereza kinakaribiana na picha hiyo, ingawa nacho hukwama katika wingi wa majina, lakini Kiswahili hupachika viambishi mbele na nyuma ya mashina, na mwandishi anayetaka kuliweka jina la folda katika msimbo kisha aliambatishie -ni ya mahali atakuta kwamba herufi n iliyogusana na alama ya kufunga imeiondolea kinga nguvu, na mawimbi yote mawili yamebaki wazi kwenye ukurasa. Mwongozo wa Org wenyewe unapendekeza kwa hali kama hizi kuwekwa nafasi tupu isiyo na upana, ambayo katika jedwali la Unicode ni U+200B, herufi isiyoonekana na isiyochukua nafasi, lakini inayotosha kumtenga jirani. Suluhisho hilo linafanya kazi na wakati huohuo linaharibu jambo la msingi, kwa sababu sifa kuu ya matini matupu ilikuwa kwamba kinachoonekana ndicho kilichopo. Sasa katika faili kuna kitu kilichopo bila kuonekana, ambacho mtu akinakili mstari husafiri nacho hadi kwenye amri ya kompyuta, na amri hiyo hukataa kwa sababu ambayo macho hayawezi kuitambua.

Swali la kusudi ndilo linalolifikisha jambo hili kwenye elimu ya dini, na kwa wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki mfano ulio karibu uko katika fiqhi ya madhehebu ya Shafi. Katika fiqhi hiyo tamko la wazi la talaka hutenda bila kuhitaji nia ya ziada, kiasi kwamba anayelitamka kwa mzaha huhesabiwa ametaliki, lakini wanazuoni wanashurutisha kwamba msemaji awe amelikusudia neno kwa maana yake, na kwa sharti hilo wakamtoa mwalimu anayelirudia tamko la talaka mbele ya wanafunzi ili kuwafundisha, na vilevile anayesimulia talaka ya mtu mwingine. Mzaha, basi, haukingi, na ufundishaji hukinga, kwa sababu mwenye mzaha amelitumia neno ingawa hakuyataka matokeo yake, na mwalimu amelitaja tu. Mstari huo ni mwembamba na umepigwa kwa makini kuliko ule wa wanafalsafa wengi wa nukuu, ambao hawakulazimika kuamua kama mke wa mtu bado ni mke wake. Kwa msingi huohuo wanazuoni wameshikilia kwamba anayesimulia maneno ya ukafiri haingii katika ukafiri kwa kuyasimulia. La sivyo msomaji wa sura ya An-Naziat, ambamo imesimuliwa kauli ya Firauni ya kujidai kuwa mola aliye juu kuliko wote, asingeweza kuisoma kwa sauti bila hofu.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba kadhi hutazama nia na mashine hutazama herufi, lakini tofauti haiko hapo hasa, kwa sababu kadhi naye haoni ndani ya moyo. Anachokuwa nacho ni karina, yaani viashiria vya hali vinavyolizunguka tamko: darasa, kitabu kilichofunguliwa, swali lililoulizwa kabla yake. Kanuni ya Org inayodai nafasi tupu kabla ya wimbi ni karina nayo, ingawa ni karina maskini iliyopunguzwa hadi kuwa herufi moja kila upande. Kinachomtenganisha kadhi na kichanganuzi ni kwamba kadhi akipata shaka humuuliza aliyesema, na jibu lake linaweza kuubadilisha uamuzi, wakati kichanganuzi kikipata shaka hakijui hata kwamba kina shaka. Huchagua mojawapo ya tafsiri kwa kanuni yake na kuendelea. Markdown haina hata dhana ya kosa la sarufi, kwa kuwa kila mfuatano wa herufi ndani yake ni andiko halali lenye matokeo fulani, na ndiyo maana hitilafu zake huvumilika kwa miezi bila ujumbe wowote wa onyo, mpaka msomaji fulani aone ng'ombe aliyekatwa vipande viwili.

Maelezo ya Gruber ya mwaka 2004 yalikuwa mafupi na yaliacha mengi bila kuamuliwa, hivyo programu mbalimbali zikayasoma faili zilezile kwa namna tofauti, na mwandishi aliyeona kinga yake ikifanya kazi mahali pamoja alikuta imevunjika mahali pengine bila yeye kubadilisha herufi. Mwaka 2014 ulitangazwa mradi wa CommonMark wa kuandika kanuni kamili zisizo na utata, na mwandishi mkuu wa kanuni hizo ni John MacFarlane, aliyekuwa tayari ametunga Pandoc, programu ya kugeuza maandiko kutoka mtindo mmoja hadi mwingine. Kazi yake ya kila siku ni falsafa, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na mwaka huohuo wa 2014 kilichapishwa kitabu chake Assessment Sensitivity, kinachotetea rai kwamba ukweli wa baadhi ya kauli hautegemei tu mazingira ya aliyezisema bali hutegemea pia mazingira ya anayezipima. Si lazima kudai kwamba kazi moja ilizaa nyingine. Inatosha kuona kwamba faili la Markdown ni mfano halisi wa kauli ya namna hiyo, kwa kuwa kuuliza kama alama fulani ndani yake inatenda au inaonyeshwa tu, bila kutaja ni kichanganuzi kipi kinachosoma, ni kuuliza swali lisilo na jibu.

Hata ndani ya programu moja msomaji anaweza kuwa zaidi ya mmoja. Kihariri huwa na sehemu inayopaka rangi maandishi wakati yanapoandikwa na sehemu nyingine inayoyageuza kuwa ukurasa wa wavuti au kitabu, na sehemu hizo hazifuati kila mara kanuni zilezile. Katika Org, kwa mfano, kinga inayoruka mstari zaidi ya mmoja inaweza kunyimwa rangi kwenye skrini ingawa inatambuliwa na ile sehemu nyingine, na mtu anayeamini macho yake ataisahihisha sentensi isiyo na kosa. Kwa sababu hiyo mafundi wenye uzoefu hawaanzi kwa kuihariri alama, bali hulitoa andiko katika hali yake ya mwisho na kulinganisha, kisha huzitazama herufi zenyewe kwa namba zake za Unicode, wakitafuta apostrofi zilizopindwa na programu ya ofisi wakati wa kunakili, au ile nafasi isiyo na upana.

Mpangilio wa wasomaji nao ni muhimu, na katika majedwali ya mtindo wa GitHub, ambao kanuni zake zilijengwa juu ya CommonMark, unaonekana bayana. Humo nguzo za jedwali hutenganishwa kwa mstari wima, na mwandishi anayeuweka mstari wima ndani ya msimbo akitumaini kwamba kinga itauzuia kutenda hukuta kisanduku chake kimepasuka katikati, kwa sababu anayeligawa jedwali husoma kwanza, na yeye haitambui kinga ambayo itatambuliwa baadaye. Ili mstari huo uonekane, sharti utanguliwe na mkwaju wa nyuma, uleule ambao ndani ya msimbo hauna nguvu yoyote, na hapa una nguvu kwa kuwa huondolewa na msomaji wa kwanza kabla ya msomaji wa pili kufungua macho. Msimbo ukishachapwa na kunakiliwa na mtu hadi kwenye dirisha la amri, msomaji wa tatu anaupokea, na kwake yeye mstari wima ni amri ya kuyapeleka matokeo ya programu moja kwa nyingine. Huyu hana habari ya jedwali wala ya apostrofi kinyume, na kilichokuwa kikionyeshwa tangu mwanzo kinatenda.